Nailoni nyeusi ikikuunguza mkono, udongo wa boga lako bado una baridi

Nimechoka na picha za nailoni nyeusi. Kila Aprili, theluji ikishayeyuka hapa Minnesota, Waswahili wenzangu wanaolima maboga ya mashindano ya uzito hunitumia picha ile ile: nailoni nyeusi imetandazwa juu ya mabonge ya udongo, mawe manne kwenye pembe, na chini yake ujumbe, "Ndugu, nimeigusa mchana, inaunguza kabisa. Nipande lini?" Usipande. Joto ulilolishika kwa kiganja limebaki kwenye nailoni. Lingekuwa limeshuka kwenye udongo, kiganja chako kisingelikuta pale.

Naelewa kosa hili linatoka wapi. Sisi tuliokulia Tanga, Morogoro au Kisumu tulilelewa tukisubiri mvua. Mbegu ya boga ilitupwa kando ya jalala, masika yakaja, yakamaliza kazi. Hakuna aliyetufundisha kupima joto la udongo kwa sababu udongo wa kwetu haujawahi kumnyima boga joto. Huku ni kinyume: mwezi wa Aprili maji yamejaa tele shambani, kinachosubiriwa ni joto.

Na baridi peke yake si kisingizio. Mbegu ambayo karibu sote tunapanda kizazi chake, Dill's Atlantic Giant, ilizalishwa na Howard Dill huko Windsor, Nova Scotia, Kanada, mtu aliyeshinda mashindano ya dunia miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Windsor iko karibu kabisa na nyuzi 45 kaskazini, katikati ya ikweta na ncha ya dunia. Anoka, hapa Minnesota, iko usawa huo huo, na ndiko Travis Gienger alikolima boga la pauni 2,749, yaani kilo 1,247, lililoweka rekodi ya dunia huko Half Moon Bay, California, Oktoba 2023. Rekodi hiyo ilisimama hadi 2025, pacha wa Kiingereza, Ian na Stuart Paton, walipofikisha kilo 1,278.8. Kwa hiyo kaskazini boga kubwa linawezekana. Ila msimu ni mfupi, na boga lililoshika kasi huongeza zaidi ya kilo 20 kwa siku moja. Juma moja ulilolipoteza Mei utalidai Septemba na hulipati.

Ratiba nadhani mnaijua. Mbegu huoteshwa ndani mwishoni mwa Aprili kwenye nyuzi 29 au 30 za Selsiasi, mche hupelekwa shambani chini ya kibanda cha nailoni mwanzoni hadi katikati ya Mei, uchavushaji mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, mizani Oktoba. Mche unatolewa kwenye nyuzi 29 unapelekwa kwenye udongo ambao, ukiachwa wenyewe, una nyuzi 10 au 12. Chini ya nyuzi 15 mizizi ya boga karibu inagoma: haikui, inanyonya maji kwa shida, fosforasi haiipati hata ikiwa imejaa shambani, na ukungu wa kuozesha mizizi unaipata ikiwa dhaifu. Mimi sipandi chini ya nyuzi 18 kwenye kina cha sentimita 10 alfajiri, na ninafurahi nikiona 21.

Sasa turudi kwenye nailoni, maana hapa ndipo watu wanaponichosha.

"Nyeusi hunyonya joto." Ndiyo, hunyonya. Swali ni nani ananyonya. Nailoni nyeusi inanyonya jua yenyewe, inachemka yenyewe, halafu inaligawa lile joto pande mbili. Upande wa juu kuna upepo wa Aprili na anga baridi, na vyote viwili vinalichukua bila shida. Upande wa chini joto litapita tu pale nailoni inapogusana na udongo. Ukiacha nafasi ya hewa yenye unene wa kidole, umeweka kizuizi, kwa kuwa hewa iliyotulia haipitishi joto vizuri. Kwetu kila mtu analijua bati la paa: saa nane mchana huwezi kulishika, na sakafu ya chumba chini yake ni baridi unalala bila mkeka. Nailoni iliyolala juu ya mabonge ni bati. Imeunguzwa na jua na udongo hauna habari.

Mtu ataniambia mashamba makubwa ya matikiti na stroberi hutumia nyeusi. Kweli, na inawafaa. Lakini wao husawazisha tuta mpaka liwe laini, kisha mashine ya trekta inaivuta nailoni ikakaza juu ya tuta na kufukia kingo zake papo hapo. Imegusana na udongo kila mahali. Isitoshe, sababu yao kubwa mara nyingi ni magugu, kwa kuwa gizani magugu hayaoti. Joto kwao ni faida ya nyongeza.

Nailoni angavu, ile inayopitisha mwanga, hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Jua linapita, linatua kwenye udongo, na udongo wenyewe ndio unaonyonya. Udongo wenye unyevu ni mweusi vya kutosha, hauhitaji msaada wa rangi. Kisha mvuke unapanda, unakutana na nailoni, unageuka kuwa matone upande wa ndani. Yale matone ambayo watu huyafuta kwa kitambaa wakidhani ni uchafu, yaacheni! Nailoni nyembamba peke yake inavujisha sana joto ambalo udongo unalirudisha angani usiku, na maji yale ndiyo yanayolizuia. Pia mvuke uliopanda unarudi chini kama maji, hauondoki na joto. Hili si jambo dogo. Kukausha kilo moja ya maji kutoka kwenye udongo kunakula joto ambalo lingetosha kupandisha kilo 580 za maji kwa nyuzi moja. Shamba lililo wazi na lenye upepo linatumia sehemu kubwa ya jua lake kukausha, na linabaki baridi.

Tofauti ya vipimo ni kubwa. Takwimu ambazo maafisa ugani wa Marekani wamekuwa wakizitoa kwa miaka mingi ni kwamba nyeusi, hata ikitandazwa vizuri, hupandisha joto la mchana kwa karibu nyuzi 3 kwenye kina cha sentimita 5, na chini ya 2 kwenye sentimita 10. Angavu hupandisha nyuzi 4 hadi karibu 8 kwenye sentimita 5, na 3 hadi 5 kwenye sentimita 10. Anayeng'ang'ania nyeusi kwa ajili ya boga la mashindano anaacha nusu ya joto lake angani.

Magugu yataota chini ya angavu, ndiyo, yataota kama nywele. Mimi nayataka yaote. Yakishaota Aprili nayapalilia juujuu kabla ya kupanda, na mbegu nyingi za juu zimekwisha pale.

Namna ya kutandaza ni fupi kuieleza, na wengi wanairuka. Vunja mabonge. Sawazisha. Kaza nailoni, fukia kingo zote nne kwa udongo, si mawe. Upepo ukiingia chini yake mara moja, kazi ya siku nzima imekwenda.

Kuhusu unyevu kuna utata ambao vitabu huupitia haraka. Udongo uliolowa chepechepe unahitaji joto zaidi ya mara mbili ya udongo mkavu ili upande nyuzi moja, kwa hiyo shamba lililojaa maji ya theluji halipashiki hata ulifunike na nini. Chimba mifereji kwanza, inua tuta. Lakini udongo mkavu kabisa nao haufai: juu unaunguza, chini baridi, kwa sababu vumbi halipitishi joto. Unautaka katikati, ukiufinya unashikana, ukiugusa kwa kidole unavunjika. Ni wapi hasa katikati hiyo kwa udongo wako wa mfinyanzi au wa kichanga, siwezi kukuandikia namba. Huo ni mkono wako na shamba lako.

Jambo la pili linaloniudhi ni saa ya kupima. Mtu anachomeka kipimajoto sentimita 3, saa tisa alasiri, jua likiwaka, ananiandikia "26!" kwa furaha. Hiyo ni ngozi ya udongo. Joto la mchana huingia polepole na kupungua kadiri linavyoshuka. Kwenye sentimita 30 mchana na usiku karibu havitofautiani, kule chini udongo unahesabu kwa majuma. Mzizi wa mche utalala huko usiku kucha. Pima sentimita 10 na sentimita 20, alfajiri, kabla jua halijagusa nailoni, siku kadhaa mfululizo. Namba ya alfajiri ikipanda siku baada ya siku, shamba lako linaweka akiba. Ikipanda alasiri tu na kurudi palepale asubuhi, hujaweka kitu. Ndiyo maana kazi hii huanza majuma matatu au manne kabla ya kupanda, haianzi wikendi ile ile.

Huhitaji kupasha shamba zima. Mmea mmoja utajaza mita za mraba 70 hadi 90, lakini mpaka mizizi inayoota kwenye vifundo vya mbali vya tawi ianze kushuka, Juni itakuwa imefika na jua limefanya kazi hiyo bure. Pasha pale shina litakapokaa. Ila usipashe duara dogo la upana wa ndoo, kwa kuwa udongo baridi wa pembeni utalinyonya. Mita moja na nusu kila upande ndiyo kiwango changu cha chini, na vibao vya povu gumu vilivyosimamishwa ardhini kuzunguka eneo hilo vinasaidia sana.

Nyaya za umeme za kupasha udongo: zinafanya kazi, hata katika juma la mawingu ambapo nailoni haina jua la kutumia. Ziweke kina cha sentimita 15 hadi 20, na themostati ya kudhibiti joto, na kifaa kinachokata umeme pindi unapovuja. Basi.

Samadi mbichi ya farasi iliyochanganyika na majani makavu ni njia ya kale na inapasha kweli, ikiwa tabaka nene na juu yake udongo wa kutosha ili mizizi isiungue. Lakini uliza farasi walikula majani gani. Kuna dawa za magugu, aminopyralid ni mojawapo, zinazopita tumboni mwa mnyama zikiwa hai na kukunja majani ya boga mpaka mmea haufai tena. Kama mwenye farasi hajui, usichukue.

Matangi ya maji ndani ya kibanda nayapenda kuliko watu wanavyoyapa heshima. Lita 20 zikipoa kwa nyuzi 10 usiku zinatoa joto sawa na balbu ya wati 100 iliyowaka zaidi ya saa mbili. Na maji hayo ndiyo ya kumwagilia. Hapa naomba mnisikilize: mche ukinyauka saa sita mchana ndani ya kibanda chenye joto huku udongo una nyuzi 14, hauna kiu ya maji. Maji yapo, mizizi haiwezi kuyavuta. Mtu anakimbilia bomba, anamwaga maji baridi, udongo unapoa zaidi, kesho unanyauka zaidi. Fungua kibanda, punguza joto la hewa, weka kivuli, acha bomba.

Je, haya yote yanaongeza kilo kwenye mizani? Naamini hivyo, na nitakuwa mkweli kuhusu ninapoishia. Mkulima anayepasha udongo Aprili ndiye yule yule anayekata matawi kwa wakati na kumwagilia bila kukosa, kwa hiyo siwezi kukutenganishia kilo zilizotokana na udongo wa Mei na zilizotokana na bidii ya Agosti. Tena kuna wanaochelewa na kushika kasi wakatupita. Ninachokiona wazi ni majani: mche ulioanza kwenye udongo wenye joto hufika siku ya uchavushaji ukiwa na majani mengi zaidi ya kulisha boga, na majani hayo huwezi kuyanunua Julai.

Siku ya kupanda, pasua nailoni angavu kwa msalaba mdogo, panda, kisha iondoe yote mche unapoanza kutambaa na usiku umetulia juu ya nyuzi 10. Ukiisahau mpaka jua la Juni, itachemsha mizizi ile ile uliyohangaika kuipasha. Na mkinitumia picha Aprili ijayo, nionyesheni kipimajoto kikiwa ndani ya udongo, alfajiri.