Kutokwa si kujikojolea, na haya si aibu

Juzi nilimsindikiza ami yangu kliniki, katika hospitali moja hapa kisiwani Mombasa, nikasikia sentensi mbili zilizonifanya nisahau nambari yetu ya foleni. Ya kwanza ilitolewa na muuguzi kwa sauti ya mnadani: "Leteni mopu, huyu mama amejikojolea!" Ya pili ilitoka kinywani mwa muuguzi huyo huyo, safari hii kwa upole, kamshika bibi mkono: "Haya mama, inuka, usione haya. Hospitali haina haya." Bibi akavuta mtandio, akajifunika uso. Akamwambia bintiye, "Nimetahayari, mwanangu. Nirudishe nyumbani." Wakaondoka bila kuonana na daktari.

Muuguzi hakuwa mtu mbaya. Maneno yalimponyoka kama mkojo ulivyomponyoka bibi. Lakini si mara ya kwanza kuyasikia, na nimechoka kuyameza.

Maana kwanza, upesi upesi. Kutokwa na mkojo ni hali ya kibofu kuvuja kabla mwenyewe hajaamua kwenda haja. Si ugonjwa mmoja, ni dalili ya mambo mengi. Kuna anayevuja akikohoa, akicheka au akiinua mtungi wa lita 20, na huyo mara nyingi misuli ya nyonga imelegea kwa uzazi au kwa umri. Kuna anayebanwa ghafla, na baina ya kubanwa na kumwagika hapati hata nafasi ya kuuliza choo ki wapi. Kuna mwanamume ambaye tezi dume limembana njia, kibofu hakiishi kujaa, kinafurika kidogo kidogo. Na kuna ambaye kibofu chake ni kizima kabisa, ila magoti hayamfikishi chooni kwa wakati. Kisukari, kiharusi, uambukizo wa njia ya mkojo, choo kigumu, hata zile dawa za presha zinazokojoza, vyote vyaweza kuwa nyuma yake. Fistula, ambayo kwa Kiswahili ni nasuri, ni jambo jingine: hapo pana tundu, mara nyingi limeachwa na uchungu wa uzazi uliokawia, na mkojo hutiririka usiku na mchana. Si kila anayevuja ana fistula, ingawa mitaani neno hilo sasa linagawiwa kama njugu.

Basi. Nililolijia ni lugha.

Kukojoa ni kitendo. Mtu hukojoa kama anavyokula na anavyotembea. Yeye ndiye mtendaji. Ukitia ji- mbele na -lea nyuma, ukasema amejikojolea, umeshamshtaki: amelitenda jambo, na amejitendea mwenyewe, kama aliyejichafua kwa makusudi. Kikojozi ndilo zito zaidi. Ile -zi ya mwisho ni ndugu wa -zi ya kinyozi na ya mwokozi. Nyoa, okoa na kojoa zamani zilikuwa na l ambayo imeshapotea, lakini ukisikiliza vizuri utaisikia ikirudi katika nyolea, okolea na kojolea. L hiyo ilipokutana na i ya kuundia jina, ikageuka z. Na kazi ya jina la namna hiyo ni kumtaja mtu kwa lile alifanyalo siku zote. Kinyozi ana kiti chake na kioo chake. Kikojozi naye kapewa kazi ambayo hakuiomba. Watoto wana nyimbo za kumzomea mwenzao aliyelowesha kitanda, na hata kwa mtoto neno hilo linakwaruza. Kwa bibi mwenye wajukuu ni tusi.

Sasa tazama kutokwa. Mtu hutokwa na jasho, hutokwa na machozi, hutokwa na damu ya pua. Sarufi yenyewe imemwondolea lawama: kitu kimetoka, yeye kimemtoka. Hakuna aliyewahi kumwambia abiria wa matatu ya saa saba mchana kwamba "amejijashia". Kiswahili kilikuwa na neno la haki tangu zamani, na bado tunalipita njiani tukalichukue lile la mtoto na godoro.

Nije kwenye haya na aibu, maana hapa ndipo damu yangu inapochemka.

Aibu ni neno la Kiarabu, na asili yake ni dosari, kasoro iliyomo ndani ya kitu. Katika fikihi ya biashara, yaani sheria ya Kiislamu, mnunuzi akikuta bidhaa ina aibu ambayo hakuambiwa, ana haki ya kuirudisha. Leso iliyochapwa vibaya, jina likakatika katikati, ina aibu. Ukiuziwa Biashara Street nawe hujui, unairudisha na hakuna wa kukulaumu. Hilo ndilo neno tunalomvika mtu ambaye kibofu chake kimevuja. Bibi si jozi ya leso.

Haya nayo ni ya Kiarabu, lakini shina lake ni jingine, na wanazuoni wa lugha huliweka jirani na hai. Ni ule moyo unaomfanya mtu ainamishe macho, ajisitiri, apunguze sauti. Mtume (S.A.W.) ameihesabu haya kuwa ni sehemu ya imani. Mtu hasifiwi kwa aibu. Kwa haya husifiwa, na ukitaka kumtukana mtu Mombasa hii bila kutaja mamake, mwambie hana haya. Ndiyo maana ile "hospitali haina haya" ilinichoma. Muuguzi alikusudia kusema kwamba hapa hakuna atakayekuona una dosari. Akaishia kusema kwamba hapa pamejaa watu wasio na haya, na kumwomba mama wa watu naye aivue yake mlangoni pamoja na viatu.

(Ile haya ya kwanza, ya "haya mama, inuka", ni neno jingine kabisa, nalo lilitumika sawasawa.)

Aliyepatia kuliko sote ni bibi mwenyewe. Wengi hudhani kutahayari ni mtoto wa haya. Yamefanana sura tu. Tahayari imetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuduwaa, kupotewa na njia, kutojua uelekee wapi. Bibi hakusema kwamba ana kasoro. Alisema kwamba hajui pa kuelekea. Na aliyepotewa na njia haambiwi "usipotee", huonyeshwa njia.

Njia yenyewe si ngeni. Ami yangu, kwa mfano, anakaa Likoni, na tezi dume lake analijua kila daktari aliyemwona mwaka huu. Siku ya kliniki hagusi maji tangu alfajiri kwa kuogopa kivuko, kwani feri ikishang'oa huwezi kumwambia nahodha ageuze. Lakini kahawa chungu ya barazani haikosi, vikombe viwili. Yaani kafanya kinyume cha yote. Mkojo mzito wa mtu mwenye kiu hukichokoza kibofu, ukosefu wa maji huleta choo kigumu kinachokibana zaidi, na kahawa humharakisha mtu kwenda haja. Kisha akifika anapewa kikopo cha kupimia mkojo, hana cha kutia. Siku hizi nampa maji kwa kiasi, kahawa inangoja turudi, na anakwenda haja nyumbani kabla ya kutoka na tena ng'ambo baada ya kuvuka. Dawa za kukojoza usiziache kimya kimya kwa ajili ya safari. Muulize daktari kama saa ya kuzinywa inaweza kusogezwa siku hiyo.

Bibi za hapa wana ujuzi wao ambao hawaufundishi kwa sauti. Leso ya pili mkobani. Nguo ya kubadilisha, na mfuko wa kutia iliyolowa. Pedi ya mkojo, si ya hedhi, kwa sababu mkojo huja kwa kasi na wingi ambao pedi ya hedhi haikuundiwa. Na kwenye meza ya kuandikisha inatosha kusema, "Nina udhuru wa haja, naomba nikae karibu na choo." Hakuna anayepaswa kukuuliza zaidi mbele za watu. Anayeona uzito kusema aandike kwenye karatasi na kuisukuma mezani. Ukiambiwa unywe maji mengi uyazuie kwa ajili ya picha ya tumbo, sema mapema kwamba hutaweza kuyazuia, wapange jinsi ya kukupima. Usingoje mpaka uko juu ya kitanda.

Neno udhuru sikulichagua ovyo. Fikihi imemjua mtu huyu kwa karne nyingi, na haikumwita kikojozi. Imemwita mwenye udhuru. Kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi hapa pwani, anajisafisha, anajifunga kitambaa au pedi, anatia udhu baada ya wakati wa sala kuingia, kisha anaswali faradhi yake bila kuchelewa, na kikimtoka kitu humo ndani sala yake ni sahihi. Wazee wangapi wameacha msikiti kwa kudhani wao wamekuwa najisi ya kutembea, na mlango ulikuwa wazi muda wote!

Na haya haikutakiwa ivuliwe hata huko. Sayyidna Ali alikuwa akitokwa sana na madhi, yale majimaji membamba yamtokayo mtu kwa ashiki, akaona haya kumuuliza Mtume (S.A.W.) kwa kuwa ni baba wa mkewe. Hakuambiwa "usione haya". Alimwomba sahaba mwenzake, Miqdad, akamuulizie, Miqdad akauliza, jibu likaja: aoshe, atie udhu. Haya yake ikabaki mahali pake na swali likafika. Binti wa yule bibi angeweza kuwa Miqdad wake kwa maneno matano tu.

Chumbani kwa daktari pana jambo moja ambalo laiti kila mtu angeambiwa kabla ya kuingia. Kuna kipimo ambacho daktari anakuomba ukohoe, kibofu kikiwa kimejaa, na yeye anatazama kama mkojo utatoka. Ukitoka, kapata alichokitafuta. Watu hulala juu ya kitanda kile wamejikaza roho mkononi, kisha wakivuja wanaomba radhi, na daktari anaandika kwa furaha! Hapo kuvuja ndiko kujibu. Vilevile una haki ya kujifunika leso yako na kufunua sehemu inayokaguliwa tu, ya kuomba daktari wa kike, na ya kuomba mtu unayemwamini asimame nawe. Kuomba hivyo ndiyo haya yenyewe ikifanya kazi yake.

Na vuja hilo mara nyingi lina dawa. Daktari mmoja Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika mwaka 1948 juu ya kuifanyisha mazoezi misuli ya nyonga baada ya uzazi, na mpaka leo ndiyo tiba ya kwanza kwa wanawake wanaovuja wakikohoa: kubana na kuachia angalau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Kubana vipi? Kama mtu anayezuia upepo mbele ya wakwe. Kwa wanaobanwa ghafla kuna kukizoeza kibofu kungoja kidogo kidogo, na kuna vidonge. Tezi dume lina tiba zake. Nasuri ina upasuaji. Daktari huenda akakuomba uandike kwa siku 3 umekunywa nini, umekwenda haja saa ngapi, umevuja lini. Daftari la mtoto la shule linatosha. Lakini hakuna hata kimoja cha hivyo kitakachompata aliyegeuzia benchini akarudi nyumbani.

Kwa hiyo, sista, kama wasoma haya, nami najua siku ile ulikuwa peke yako na foleni ilifika mlangoni: safari nyingine inama kidogo, umwambie, "Mama, mkojo umekutoka? Njoo huku nyuma ya pazia, leso yako nitakushikia." Mopu itakuja tu, haihitaji kuitwa kwa jina la mtu. Na ile "usione haya" tuwaachie wenye nyumba, mgeni anapokaa mbele ya sinia la biriani akawa anaomba radhi kwa kila tonge.