Toa GPA yako kwenye sita

Semesta yangu ya kwanza Ujerumani ilipoisha nilimpigia mama simu Tanga nikamwambia, kwa furaha, kwamba somo gumu kuliko yote nimepata 1.3. Mama ni mwalimu mstaafu, GPA, yaani wastani wa alama za chuo, anaijua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Si neno, baba. Rudi tu nyumbani, tutajua la kufanya."

Sikumlaumu. Kwetu mwenye 1.3 ameshadisko, yaani ameondolewa chuo, anafunga godoro. Ujerumani ngazi imepinduliwa: 1.0 ndiyo kilele, 4.0 ndiyo ukingo wa kufaulu, na 5.0, ambayo mtoto wa Kitanzania angeifanyia sherehe, maana yake umeanguka.

Siku hizi kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi wa kigeni, na simu nyingi ninazopokea kutoka nyumbani huanza na swali la pesa. Ni swali la haki, nitalifikia. Lakini ninaowaona wakikwama, wengi wamekwama kwenye namba walizodhani wanazijua.

Tuanze na GPA, kwa kuwa ndiyo inayokuingiza au kukufungia mlango. Vyuo vya Ujerumani havisomi alama zako kama zilivyo, vinazigeuza, na vingi hutumia kanuni inayoitwa fomyula ya Bavaria. Chukua alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama uliyopata. Jibu ligawanye kwa tofauti iliyopo kati ya alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3, kisha jumlisha 1. Basi.

Kwa mfumo wa Tanzania wa GPA ya 5.0, ambapo kufaulu huanza 2.0, ile tofauti ya kugawanyia ni 3, na 3 ya kuzidisha inaifuta. Kinachobaki ni hesabu ya darasa la pili: toa GPA yako kwenye 6. Una 3.8? Wewe Ujerumani ni 2.2. Una 4.4, umeingia daraja la kwanza? Ni 1.6. Mwenye 3.5, mlango wa daraja la pili la juu, anatoka na 2.5 kamili, na shahada nyingi za uzamili huweka mpaka wao hapo hapo kwenye 2.5. Kwa hiyo mwenye 3.2 anayetuma maombi kwenye programu yenye mpaka huo anatupa pesa. Nyaraka za vyuo vingi hukaguliwa na uni-assist, ambao hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila ombi la ziada katika semesta hiyo hiyo. Hesabu ya kwenye kiganja ingekuokolea hizo.

Mkenya ana shida nyingine, na mimi naiona ni uonevu wa hesabu. Vyuo vingi vya Kenya hutumia asilimia, kufaulu ni 40, na juu kabisa ni 100. Mwanafunzi mwenye wastani wa 65, mtu mzuri kabisa wa daraja la pili la juu, anageuzwa kuwa 2.75. Hata aliyefika daraja la kwanza kwa 70 anapata 2.5, sawasawa na Mtanzania wa 3.5 ambaye la kwanza hakulinusa. Kosa liko kwenye ile 100. Nani alishamaliza shahada Nairobi au Eldoret akiwa na wastani wa 100? Fomyula inamlinganisha mtu na kilele ambacho hakuna aliyewahi kukipanda. Ndiyo maana nawasihi: ombeni chuo chenu kiandike maelezo ya mfumo wa alama nyuma ya transkripti, pamoja na mipaka ya kila daraja, na kama kinaweza, barua inayoonyesha nafasi yako katika darasa lako. Haibadilishi fomyula, lakini pale ambapo kamati inakaa kusoma maombi kwa macho ya binadamu, barua hiyo nimeiona ikimsemea mwombaji.

Tuseme umeingia. Sasa mitihani, na hapa nitakaa kidogo.

Aliyesoma kwetu amezoea kufika kwenye mtihani wa mwisho akiwa na akiba mfukoni. Tanzania mara nyingi ni alama 40 za majaribio na kazi za darasani, mtihani wa mwisho, UE, unabeba 60. Kenya majaribio ya CAT hubeba 30 hivi. Kwa hiyo hata siku ya mtihani ikikuendea vibaya, kuna kitu ulishaweka. Ujerumani masomo mengi yana mtihani mmoja tu, dakika tisini au mia na ishirini mwishoni mwa semesta, na huo ndio alama zote. Kuna mazoezi ya kila wiki, ndiyo, na profesa hatakufuata ukiyaacha. Mahudhurio mara nyingi hayaitwi. Unaweza kutokomea miezi mitatu na hakuna atakayekuuliza uko wapi. Vijana hudhani huo ni uhuru.

Angalia hesabu ya muda. Kazi ya chuo hupimwa kwa pointi za ECTS, na uzamili wa miaka miwili huwa na 120, yaani 30 kwa semesta. Pointi moja inahesabiwa kuwa hadi saa 30 za kazi. Somo la pointi 6, kwa hiyo, ni kama saa 180. Ukihudhuria mihadhara na mazoezi saa nne kwa wiki kwa wiki kumi na nne, umetumia 56. Zaidi ya mia na ishirini zilizobaki ni zako, wewe na maktaba, au ungekuwa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ningesema wewe na kimbweta, meza ya kusomea ya nje. Chuo kinachukulia kwamba umezitumia na mtihani unatungwa kwa dhana hiyo.

Kisha kuna jambo ambalo kila mwaka linanipa mgeni anayelia ofisini. Kujiandikisha somo na kujiandikisha mtihani ni vitu viwili tofauti. Umehudhuria semesta nzima, umefanya mazoezi yote, unafika mlangoni siku ya mtihani na jina halipo, kwa sababu dirisha la kujisajili lilifungwa wiki kadhaa nyuma. Hakuna wa kumbembeleza. Na ukijisajili kisha usitokee bila kujiondoa ndani ya muda, unaandikiwa 5.0. Umeugua asubuhi hiyo? Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, chukua cheti, kipeleke ofisi ya mitihani haraka. Panadol na kulala chumbani hakuhesabiki, hata kama homa ilikuwa ya kweli.

Kwetu tunasema sapu, yaani mtihani wa marudio, tunasema keri, yaani kubeba somo ulilofeli kwenda mwaka unaofuata, na tunasema kudisko. Ujerumani kuna kitu kinachofanana na sapu, lakini tabia yake ni nyingine. Kwa kawaida unapewa nafasi tatu kwa kila mtihani, ingawa idadi hutofautiana na chuo. Ukishindwa ya mwisho kwenye somo la lazima, unaandikiwa kwamba umeshindwa moja kwa moja, unaondolewa kwenye programu, na mara nyingi huwezi kuisoma programu hiyo hiyo chuo kingine chochote cha Ujerumani. Kibali chako cha kuishi nacho kilitolewa kwa ajili ya masomo hayo, kwa hiyo idara ya uhamiaji ni kituo kinachofuata. Somo moja tu. Mtu mwenye 1.7 kwenye masomo mengine yote anaweza kutolewa na takwimu.

Nafasi yangu ya kwanza kwenye mtihani mmoja wa mdomo niliipoteza bila kufungua mdomo. Katibu aliniambia kwa simu, kwa Kijerumani, kwamba nije "halb neun". Neun ni tisa, na akili ya Mswahili ilifanya kazi yake ya kila siku: tisa yao ni saa tatu yetu, ongeza nusu, saa tatu na nusu asubuhi. Nikalala vizuri. Kumbe Mjerumani akisema nusu tisa anahesabu nusu ya kuiendea tisa, yaani saa mbili na nusu yetu. Nilifika mapema kwa dakika kumi, kwa saa yangu, na profesa alishaondoka. 5.0. Tangu hapo mtu akinitajia saa yoyote yenye neno hilo namwomba aniandikie kwa tarakimu. Na kwenye ratiba ukiona 10 c.t., kipindi kinaanza 10:15; ukiona s.t., ni 10:00 kamili, na mitihani usiipimie kwa c.t.

Sasa pesa. Kusoma bure Ujerumani ni kweli kwa vyuo vingi vya serikali, lakini neno "vingi" lina kazi hapo. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa semesta tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha München kimeanza kutoza wanafunzi wapya wa kigeni kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa semesta, kutegemea programu. Kila mahali kuna mchango wa semesta pia. Na bila mfadhili au udhamini kama wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, viza itakutaka uonyeshe euro 11,904 za mwaka katika akaunti iliyofungwa, Sperrkonto. Wazazi wengi hudhani ni ada. Ni pesa zako mwenyewe. Zinakutiririkia 992 kila mwezi, kodi ya chumba na bima ya afya vikitoka humo humo. Aliyezoea bumu, pesa ya kujikimu ya mkopo wa serikali, linaloingia kwa mkupuo na kuisha kabla wiki ya tatu haijafika, atauchukia mfumo huu miezi miwili ya kwanza.

Kazi unaruhusiwa, siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280. Sishauri mtu aje akitegemea hilo kulipia semesta ya kwanza. Hujui mji, Kijerumani bado, na zile saa mia na ishirini za somo la pointi 6 zinakusubiri.

Ukishapata barua ya kukubaliwa, kabla hujakata tiketi, tafuta kwenye tovuti ya chuo waraka uitwao Prüfungsordnung, yaani kanuni za mitihani, wa programu yako. Mara nyingi una tafsiri hata kama rasmi ni ya Kijerumani. Tafuta vitu vitatu: idadi ya nafasi za mtihani, muda wa mwisho wa kujiondoa, na utaratibu wa kuugua. Na pita kwa msajili wa chuo chako cha zamani uchukue nakala tatu za transkripti zilizopigwa muhuri, bahasha zikiwa zimefungwa. Ukiwa huku, kuzipata ni kumtuma binamu, na binamu naye ana shughuli zake.