Kuuza Land Rover Kuukuu Tanga: Ya Barazani na Ya Chini ya Gari

Marehemu baba alituachia nyumba, minazi michache kule Pongwe, na Land Rover 109 ya dizeli, toleo la Series III, iliyonguruma mara ya mwisho kitinda mimba wetu akiwa bado ananyonya. Ilikaa chini ya mwembe hapa Raskazone, kuku wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Tulipotangaza kwamba inauzwa, kila aliyekaa barazani kunywa kahawa alikuwa na elimu yake, na nusu ya elimu hiyo imenitoa fedha mfukoni.

"Land Rover haili kutu, bodi yake aluminiamu"

Bodi kweli ni aloi ya aluminiamu. Gari hili lilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgawo, na aluminiamu ndiyo iliyopatikana kwa urahisi. Lakini bodi hiyo imekalia chasisi, na chasisi ni chuma. Ule ukuta unaotenga injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Unaweza kuona paneli zote zimenyooka, kumbe chini pameliwa kama mkate uliotoboka.

Sisi wa pwani tuna la ziada. Aluminiamu na chuma zikigusana, yakaingia maji ya chumvi katikati, aluminiamu yenyewe huanza kuoza. Utaona unga mweupe kwenye kingo za milango na kila palipopita boliti. Gari lililozeekea Lushoto milimani na lililozeekea Raskazone, likipigwa na upepo wa kusi kila mwaka, haliwi gari moja hata kama yalitoka kiwandani siku moja.

Chasisi yake ni boksi, yaani ndani iko wazi, na matope yakiingia humo hayatoki. Kutu huanzia ndani, ndiyo maana kutazama kwa macho hakutoshi. Chukua nyundo ndogo ulale chini. Anza na boriti ya mwisho kabisa nyuma, inayobeba ndoano ya kuvutia, kisha mikono inayotoka pembeni kushika bodi, umalizie na masikio ya springi. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa kinajibu kama kopo lililojaa mchanga. Mnunuzi anayejua atagonga hapo hapo, basi gonga wewe kwanza ujue unauza nini.

"Piga rangi kwanza, mteja hununua kwa macho"

Kwa gari la kwendea kazini, labda. Mimi nilinunua rangi nyeusi nikaipaka chasisi yote kwa brashi, siku mbili mgongo unauma. Akaja mtu kutoka Moshi, akaingia chini na tochi, akatoka hata dakika tano hazijaisha. "Kaka, umeficha nini humu?" Sikuwa nimeficha kitu, lakini rangi mpya juu ya gari lililolala miaka haina maelezo mengine kichwani mwa mnunuzi. Hakurudi. Wanaotafuta magari haya wanataka kuona rangi ya kwanza, hata ikiwa imechujuka, maana ndiyo inayowaonyesha palipogongwa na palipochomelewa. Osha tope, fukuza kuku, upige picha za matundu vilevile.

"Dizeli haifi. Tia betri, livute na trekta, litawaka"

Hapa ndipo magari mengi yanapouawa. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa inabanwa mpaka inapata moto, kisha mafuta yanapulizwa ndani yanashika. Hii ya lita 2.25 hubana hewa 23 kwa 1, ni nguvu kubwa. Sasa fikiria ringi zimegandia kwenye silinda, vali moja imeng'ang'ania, na dizeli iliyobaki kwenye pampu imegeuka gundi. Ukilivuta kwa trekta, kilichoshika hakiachii. Kinavunjika.

Fundi mmoja mzee wa Makorora ndiye aliyenizuia. "Mwanangu, ukiivuta hiyo unaiua mara ya pili." Alivua nozeli zinazopuliza mafuta, akamimina oili kidogo kila silinda, akaondoka. Siku ya nne akarudi na supana, akaizungusha kwa mkono kutoka mbele, robo mzunguko, akasubiri, robo nyingine. Ilipozunguka yote alikataa kabisa kuiwasha kabla tangi halijaoshwa, filta hazijabadilishwa na hewa haijatolewa kwenye mfumo wa mafuta. Hatukufika huko. Tuliandika tu kwenye tangazo: "Injini inazunguka kwa mkono, haijawashwa." Maneno hayo yaliniletea simu nyingi kuliko yale ya mwanzo, "injini ipo vizuri", ambayo hata mimi sikuyaamini.

"Weka injini ya Toyota, bei itapanda"

Kwa mtu wa kubeba mkaa, sawa, atafurahi. Mtu anayetaka kulirudisha gari katika hali yake ya asili ataona umempunguzia. Tena kadi ya gari imeandikwa namba ya injini na namba ya chasisi. Injini ikibadilishwa bila TRA, mamlaka ya mapato, kuarifiwa, siku ya kuhamisha umiliki ndipo utakapoulizwa. Namba ya chasisi ya Series III imegongwa kwenye chuma cha mbele kulia, pale springi inaposhikwa. Kwangu ilibidi kusugua kwa msasa laini na mafuta ya taa ndipo ikasomeka. Usitumie gurudumu la kusagia, utaifuta.

"Hata foo wili haifanyi kazi"

Kijana mmoja alidai magurudumu ya mbele hayavuti, akataka kushusha bei. Gari hili kwa kawaida huvuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Kitufe cha njano kikibonyezwa chini ndipo ya mbele yanaingia, na mkono mwekundu ni wa gia nzito.

"Vipuri hakuna"

Vipo. Series III ilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985, vipuri vyake vingi bado vinatengenezwa, hata chasisi nzima mpya huko Uingereza.

"Wazungu watalipa utajiri"

Ni kweli Marekani inaruhusu gari lenye umri wa miaka 25 au zaidi kuingia bila kutimiza masharti yao ya usalama ya magari mapya. Barazani hapo ndipo hesabu ilipoishia. Lakini bei zinazoonekana mitandaoni ni za magari yaliyokwisha kutengenezwa. Mnunuzi wa huko huanza na bei hiyo, akatoa gharama ya chasisi mpya, akatoa ya meli, akatoa ya mwaka mzima wa fundi wake, kinachobaki ndicho anachokutajia wewe.

"Kadi ninayo, naweza kuuza"

Kadi ya nani? Yetu ilikuwa na jina la marehemu. Mtoto kushika kadi hakumfanyi kuwa mmiliki, hata awe kifungua mimba. Kwa desturi kikao cha ukoo hukaa kwanza, kisha lazima cheti cha kifo kiwepo, na mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Kwa mirathi ya Kiislamu au ya kimila, mahakama ya mwanzo inatosha. Msimamizi ndiye anayesaini mkataba wa mauzo. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo usimlipe mtu anayekuambia atakukatia ya mwaka huu.

Mnunuzi tuliyempata, mtu wa Korogwe, alikubali kusubiri barua ya mahakama. Wakati tukiingoja, kuku waliangua mara mbili kwenye kile kiti cha nyuma.