Siri ya mgonjwa haivuji pale unapodhani

Tangu ipite Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, foleni za Mtwara na Lindi hazikosi mtaalamu wa kusambaza hofu kuhusu siri za wagonjwa. Haya ndiyo yanayosemwa, na majibu yake.

"Faili likiingia kwenye kompyuta, kila mtu atalisoma."
Daftari la MTUHA, lile la karatasi la kuandikia taarifa za wagonjwa kituoni, likiachwa wazi mezani ndilo linalosomwa na kila apitaye, wala haliachi alama ya nani kalisoma. Kwenye mfumo wa kompyuta, kila mtumishi hupaswa kuwa na akaunti yake, na aone kinachohusu kazi yake tu: mhasibu anahitaji bili, hana haja ya majibu ya maabara. Mambo huharibika zamu nzima inapotumia nywila moja, maana hata ukaguzi ukifanyika haujulikani nani alifungua faili. Toka kwenye akaunti kabla hujainuka, na kioo cha kompyuta kisitazame foleni.

"Bima haina haja ya kujua naumwa nini."
Inayo. Dai lisiloonyesha ugonjwa na dawa halilipiki. Ila mwajiri kukukata mchango hakumpi ruhusa ya kusoma fomu ya dai hilo.

"Nimefuta jina, basi picha naweza kuituma kundini."
Hili ndilo linalowaponza watumishi wazuri kabisa. Picha ya eksirei inatumwa WhatsApp kuomba ushauri, nia njema. Pembeni kuna namba ya jalada na tarehe, chini imeandikwa "mama wa mimba ya sita, kaletwa jana usiku kutoka kijiji fulani cha Newala". Kijijini hapo jina la nini tena? Kata pembe za picha, ondoa kijiji na siku, umri uwe wa kukadiria, kisha mtumie daktari mmoja anayehusika. Kundi la watu mia si chumba cha daktari.

"Sheria ni ya hospitali kubwa kama Ligula."
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaihusu pia zahanati na maabara ya mtu binafsi, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Mgonjwa anaweza kuomba kuziona zake na kusahihishiwa makosa. Zikivuja, andika barua kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo: tarehe, namba ya jalada, nini kilisemwa na mbele ya nani. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Usipojibiwa, peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pamoja na nakala hiyo.