Je, wajua? Moto wa Kilimanjaro huondoa maji mengi kuliko barafu inayopotea

Uliza mito ya Kilimanjaro inatoka wapi, na wengi watakuonyesha kilele. Jibu hilo linaingia akilini: barafu iko juu, maji hushuka, na kati ya 1912 na 2007 takriban asilimia 85 ya eneo la barafu ilitoweka. Basi mfereji ukikauka Moshi au Hai, lawama hupanda moja kwa moja hadi mita 5,895.

Hesabu haikubali. Kilele ni pakavu: mvua na theluji yake kwa mwaka haifiki moja ya kumi ya mvua ya msitu wa kusini, ambao kwenye mita 2,200 hivi hupata karibu milimita 3,000. Mwanzoni mwa karne hii barafu iliyobaki haikufika kilomita za mraba 3. Tena sehemu kubwa ya barafu hiyo haiyeyuki hata kidogo. Jua kali na hewa kavu huigeuza mvuke papo hapo, ikapotelea angani bila kulowesha jiwe. Inapendeza kwenye picha za watalii, ila kwa maji ni maskini. Mifongo ya Wachaga, yaani mifereji yao ya jadi, na mito ya Kikuletwa na Ruvu inayojaza bwawa la Nyumba ya Mungu, hutegemea zaidi msitu.

Msitu nao haungoji mvua tu. Anika chandarua nje usiku wa ukungu. Asubuhi utakikuta kimelowa chepechepe, ingawa hakuna tone lililonyesha, na ardhi ya kando yake ni kavu. Ukungu ni matone madogo mno kuweza kuanguka yenyewe. Hupita yakielea mpaka yagonge kitu. Yakikutana na ukuta mpana, hewa huyapitisha pembeni. Yakikutana na uzi mwembamba, hunasa, huungana, huwa mazito na kudondoka. Kadiri nyuzi zilivyo nyingi na chandarua kilivyo kirefu kwenda juu, ndivyo maji yanavyoongezeka.

Karibu na mita 3,000, ukanda wa mawingu, kazi hiyo hufanywa na miti ya Erica. Majani yake ni membamba kama sindano, na matawi yamesheheni kuvumwani ndefu za kijivu zinazoning'inia kama ndevu. Bahati mbaya, miti hiyo hiyo hushika moto kwa urahisi wakati wa kiangazi. Huchipua tena baada ya kuungua, lakini ikichomwa mara kwa mara hubaki vichaka vifupi, na kichaka kifupi hukamata ukungu kidogo.

Mtafiti Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, alikadiria mwaka 2005 kwamba tangu 1976 moto ulikuwa umeondoa takriban kilomita za mraba 150 za msitu, na pamoja nazo mita za ujazo milioni 20 za maji ya ukungu kila mwaka, kiasi kinachokaribia mahitaji ya maji ya kunywa ya watu milioni moja waliokuwa wakiishi mlimani. Hayo ni makadirio, si maji yaliyopimwa kwa ndoo: ukungu hubadilika kwa saa na kwa upande wa mlima. Wala haina maana kwamba ukungu umeipita mvua, ambayo bado ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya maji.

Vyanzo vya moto ni vya kawaida kabisa: walina asali wanaofukuza nyuki kwa moshi, majangili, meko za kambini. Kuhusu ule mkubwa wa Oktoba 2020, taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ziliwataja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula.

Cha ajabu zaidi ni mwelekeo. Joto likiongezeka, ungetarajia miti ipande kuelekea kileleni. Kilimanjaro, moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita.