Ng'ombe akifa ghafla, usimpasue

Malalamiko yanayotufikia sisi wa huduma za mifugo kutoka kwa wafugaji wa Gilgil, Naivasha na Subukia, kaunti ya Nakuru, yanafanana: ng'ombe alilala mzima, asubuhi kafa, daktari wa mifugo akaja, akagusa sikio tu, akaamuru mzoga uzikwe bila kupasuliwa. Mwenye ng'ombe anauliza atajuaje kilichomuua, na kwa nini anyimwe hata ngozi.

Daktari huyo alifanya kazi yake. Kifo cha ghafla, hasa mvua zinaporudi baada ya kiangazi, huchukuliwa kuwa kimeta (anthrax), ugonjwa wa bakteria unaoua mifugo na kuambukiza watu, mpaka maabara iseme vingine. Nakuru inakijua kimeta: mwaka 2015 kiliua nyati zaidi ya 100 katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru.

Bakteria wa kimeta akiwa ndani ya mzoga uliofungika hukosa hewa, na mzoga ukioza naye hufa. Kisu kikipita na damu ikakutana na hewa, hujigeuza mbegu yenye ganda gumu, na mbegu hiyo hukaa udongoni miongo kadhaa. Ndama ambaye bado hajazaliwa anaweza kuja kuila pamoja na majani.

Mzoga wa kimeta huvimba upesi, miguu haikakamai kama kawaida, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma. Hapa ndipo wengi hupotoka: kutoona damu si kibali cha kuchuna. Wapo wanaokufa kwa kimeta bila tone kuonekana nje. Kuvimbiwa, chambavu (ugonjwa wa bakteria unaovimbisha misuli), radi na sumu pia huua ghafla, na hakuna mfugaji, hata wa miaka thelathini, anayeweza kuvitofautisha kwa macho. Nasi hatuwezi, ndiyo maana tunatumia hadubini.

Sampuli huchukuliwa hivi. Ofisa huvaa glavu na barakoa, akatoboa mshipa mdogo wa sikio lisilogusa ardhi. Tone la damu huwekwa kwenye kioo, likatandazwa kwa ukingo wa kioo cha pili mpaka liwe jembamba, likaachwa likauke. Kitobo huzibwa papo hapo kwa pamba iliyolowa dawa ya kuua viini. Maabara hupaka kioo rangi ya buluu ya methilini. Bakteria wa kimeta huonekana kama vijiti vya buluu vyenye ncha bapa, vimeshikana mnyororo, kila kimoja na utando wa waridi. Kwa kimeta tone hilo linatosha, hakuna haja ya kufungua tumbo.

Mambo mawili huharibu kipimo. Mzoga ukishinda juani siku nzima, bakteria wa uozo hujaa kwenye kioo wakavuruga picha. La pili ni sindano ya penisilini aliyopigwa mnyama kabla ya kufa, kisha mwenyewe akanyamaza. Kioo hutoka safi na kimeta kipo. Tafadhali semeni. Hatuulizi ili tumshtaki mtu.

Shimo lichimbwe kando ya mzoga, usiburutwe. Liwe na kina cha mita 2, mbali na mto na kisima. Matundu yote ya mwili yazibwe kwa kitambaa kilicholowa dawa, na udongo uliolowa damu ukwanguliwe uingie shimoni. Msimwage chokaa, kalsiamu yake huzisaidia mbegu kudumu. Zungushieni miiba mbwa wasifukue.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura 364, inamtaka mwenye mnyama anayeshukiwa atoe taarifa bila kukawia na kuwatenga waliobaki. Karantini ikitangazwa, vibali vya kuhamisha mifugo husimama, na anayepitisha ng'ombe usiku ana kesi. Kuuza nyama isiyokaguliwa ni kosa jingine, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura 356. Aliyechinja na mwenye bucha wote hushtakiwa, kila mmoja kwa kosa lake, na nyama huteketezwa.

Na hili dai kwamba nyama ikichemshwa mpaka ilainike huwa salama tumelijibu mara nyingi mno. Mbegu za kimeta hustahimili mapishi ya kawaida, na anayeugua kwanza mara nyingi ni yule aliyechuna na kukata, kabla sufuria haijabandikwa. Huota kipele kinachowasha, kikawa lengelenge, kisha kidonda chenye kigaga cheusi kisichouma. Kwa kuwa hakiumi, watu hungoja. Nendeni hospitalini siku hiyohiyo mkaseme mliugusa mzoga. Dawa zipo na hufanya kazi zikiwahi.

Chanjo hutolewa mara moja kwa mwaka, na kabla ya mvua ndio wakati wake. Ni mbegu hai zilizodhoofishwa. Ng'ombe akichomwa penisilini au oksitetrasaiklini siku za karibu na chanjo, dawa huiua chanjo yenyewe, naye hubaki bila kinga huku kadi ikionyesha amechanjwa. Mtajieni mchanjaji kila sindano ambayo mnyama amepigwa katika wiki mbili zilizopita, hata ile ya kununua dukani.