Dalili za mapema za uraibu wa pombe: msisubiri mtu aanze kuyumba

Kwa miezi kadhaa sasa tunapokea wagonjwa ambao historia zao zinafanana. Familia imechoka, imemfungia ndugu yao ndani ili aache pombe kwa lazima, na siku ya tatu inamleta akitetemeka mwili mzima, jasho likimtiririka, akizungumza na watu wasiokuwapo. Nia ni njema, hatumlaumu mtu. Ila mwili uliozoea pombe kila siku ukinyimwa ghafla bila uangalizi wa daktari, mgonjwa anaweza kufa.

Wengi wa hawa walikuwa na dalili zamani, lakini watu walikuwa wakizitafuta pasipo. Anayekunywa chupa nyingi asilewe husifiwa kuwa ana kichwa kigumu. Tunaomba sifa hiyo ikome. Mtu anapohitaji kiasi kikubwa zaidi ili ajisikie kama alivyojisikia zamani kwa kidogo, ubongo wake umeshajizoesha kuishi na pombe, na ini lake halijapata kinga yoyote kwa sababu hiyo. Vivyo hivyo kuzimua. Anayeamka na mikono inayotetemeka hadi kikombe kinagonga meno, kisha akatulia baada ya kunywa kidogo, hajatibu uchovu wa jana. Huo ni mwanzo wa arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa pombe uliyoizoea, na anautuliza kwa kitu kilekile kinachouleta.

Nyingine ni za kimyakimya: kujiwekea kikomo na kukivuka kila mara, kuficha chupa, kukosa usingizi bila kinywaji, kutokumbuka kabisa alivyofika nyumbani, kuwa mkali akiulizwa. Kwenda kazini kila siku si ushahidi kwamba hana tatizo. Wala kunywa “bia tu” si ushahidi. Mililita 250 za bia yenye asilimia 5 ya kilevi zina takriban gramu 10 za kilevi halisi, karibu sawa na mililita 30 za pombe kali yenye asilimia 40. Tumelieleza hili mara nyingi na bado tunaulizwa.

Ukifika kituoni utapewa fomu ya AUDIT, ya kupima unywaji wa pombe, iliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani. Ina maswali 10. Matatu ya kwanza yanahusu unakunywa mara ngapi na kiasi gani, matatu yanayofuata yanahusu dalili za utegemezi, na manne ya mwisho madhara. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 4, isipokuwa swali la 9 na la 10, ambayo majibu yake ni 0, 2 au 4 pekee. Tafadhali msiandike 1 au 3 hapo, tunalazimika kuwarudishia fomu. Jumla ya juu ni 40. Kuanzia 8 tunazungumza nawe kuhusu kupunguza. Kuanzia 20 unahitaji uchunguzi kamili wa utegemezi. Fomu hujazwa na mnywaji mwenyewe, si mke wala mume kwa niaba yake. Majibu hayapelekwi kwa mwajiri wako bila ridhaa yako.

Kwa aliyefikia utegemezi, arosto huanza kwa kawaida saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege inaweza kutokea ndani ya siku 2 za kwanza, na kuweweseka mara nyingi huja siku ya 2 hadi ya 4. Ndiyo maana siku hizo zinahitaji dawa za kutuliza zinazopunguzwa taratibu, pamoja na vitamini B1. Baadaye huja ushauri nasaha, na kwa wengine dawa za kusaidia kutorudi nyuma, kama naltrexone au disulfiramu.

Hiyo ya mwisho ndiyo familia nyingi huiomba ili “wamtilie kwenye chakula asijue”. Jibu ni hapana, na litabaki hapana. Mtu akinywa pombe ilhali ana dawa hiyo mwilini, hutapika, moyo humwenda mbio, shinikizo la damu hushuka, na anaweza kupoteza maisha. Hatari hiyo inaweza kudumu hadi siku 14 baada ya kidonge cha mwisho. Anayeitumia lazima ajue na akubali.

Zungumzeni naye akiwa hajanywa, mmoja au wawili anaowaamini, na mtaje mambo yaliyotokea badala ya kumwita mlevi. Akikubali hata kwa shingo upande, mleteni siku hiyohiyo. Njooni na pakiti za dawa zozote anazotumia, na mtuambie bila kuficha alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, kwa sababu tunaanza kuhesabu kuanzia hapo.